Uvuvi wa Sumaku: Kuopoa Chuma Majini katika Pwani ya Mtwara

Utangulizi

Si jambo la ajabu kwa mvuvi wa Mikindani au wa Msangamkuu kupoteza nanga. Kamba huchakaa, mkondo huvuta, chombo huyumba, na nanga hubaki chini katika tope. Mvuvi huweka alama kwa kutazama mnazi na paa la nyumba, kisha hurudi siku ya pili kuitafuta kwa upondo au kwa kupiga mbizi. Mara nyingine huipata; mara nyingi huikosa. Nanga mpya ni gharama kubwa kwa mtu anayeishi kwa samaki wa siku moja.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, tangu miaka ya 2010 hivi, umeenea mchezo wa kujifurahisha uitwao uvuvi wa sumaku. Mtu hufunga sumaku yenye nguvu kwenye kamba, huitupa mtoni au mferejini, kisha huivuta polepole ili kuona imenasa nini. Hupatikana misumari, baiskeli, funguo, visu, na pengine sefu zilizotupwa na wezi. Lakini hupatikana pia mabomu ya vita vilivyopita, na hilo limewatia watu wengi hatarini.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu na wanafunzi wa shule za sekondari jinsi kazi hii inavyofanyika, kanuni za sayansi zinazoitawala, na namna ya kuianza bila kudhuru watu wala bahari. Mifano imechukuliwa katika pwani ya Mtwara, kuanzia Ghuba ya Mikindani hadi maingilio ya mto Ruvuma. Pwani hii inafaa sana kwa somo hili kwa sababu ina chuma kingi chini ya maji, na kwa sababu hiyo hiyo inahitaji tahadhari kubwa kuliko pwani nyingine nyingi.

Chuma kilifikaje majini?

Historia ya mkoa huu inajibu swali hilo. Vyombo vya matanga vimekuwa vikitia nanga Mikindani kwa karne nyingi. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi Machi 1916, meli ya Kijerumani iliyoitwa Marie ilijipenyeza katika Ghuba ya Sudi, kaskazini ya Mikindani, ikiwa imebeba mizinga na risasi. Manowari za Kiingereza ziliifuata na kuishambulia kwa makombora, ingawa hatimaye ilifanikiwa kutoroka. Mwezi Mei mwaka huo huo Wareno walijaribu kuvuka Ruvuma karibu na mlango wake wakisaidiwa na mizinga ya meli zao, wakarudishwa na Wajerumani. Mwezi Septemba walijaribu tena, wakavuka na kufika Newala, kisha wakafukuzwa kabla ya mwaka kwisha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ulikuja Mpango wa Karanga wa serikali ya Kiingereza. Kwa ajili yake ilianzishwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara, na reli ikajengwa kuelekea Nachingwea. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Ujenzi wa namna hiyo huacha mabaki mengi ya minyororo, misumari ya mataruma, pini na mabati.

Mwisho, kati ya mwaka 1964 na 1974 vilipiganwa vita vya ukombozi wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Mabomu yalitegwa ardhini katika maeneo ya mpaka, na mto hauna desturi ya kuacha vitu mahali vilipowekwa. Mafuriko huvichukua.

Basi, ndugu msomaji, mtu anayetupa sumaku katika maji haya hana budi kukumbuka kwamba anapapasa gizani katika ghala lenye nanga na makombora pamoja.

Sumaku huvuta nini?

Chuma, nikeli na kobalti ndizo metali tatu za kawaida zinazovutwa kwa nguvu na sumaku katika joto la kawaida. Katika metali hizi kila atomu ni kama sumaku ndogo sana, na atomu jirani hujipanga kuelekea upande mmoja katika vikundi. Kipande cha chuma cha kawaida kina vikundi vingi vinavyoelekea huku na huku, kwa hiyo nguvu zao hubatilishana. Kinapokaribiwa na sumaku, vikundi hivyo hugeuka na kuelekea pamoja, na chuma chenyewe huwa sumaku kwa muda. Joto likizidi mpangilio huo huvunjika. Kwa chuma safi jambo hilo hutokea kwenye nyuzi 770 za sentigredi.

Shaba, shaba nyeupe, risasi, aluminiamu, fedha na dhahabu havivutwi. Wanafunzi wengi husikitika wanapoambiwa hivyo, lakini ni vema kulijua jambo hili mapema. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba karne nyingi zilizopita, na sarafu hizo zilisafiri mbali. Mwaka 1944 chache ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Hata kama sarafu moja ya Kilwa ingelala mchangani chini ya sumaku yako, ungeipita bila habari.

Kutu nayo ina tabia yake. Kutu nyekundu huvutwa kidogo mno. Lakini oksidi nyeusi ya chuma, iitwayo magnetiti, huvutwa vizuri. Kwa hiyo kipande ambacho chuma chake chote kimekwisha kuliwa na kugeuka kutu nyekundu kinaweza kukataa sumaku kabisa, ingawa hapo zamani kilikuwa chuma cha pua.

Nguvu ya sumaku na umbali

Mwanafunzi anayeanza hudhani kwamba sumaku huita vitu kutoka mbali. Sivyo. Nguvu ya sumaku hupungua upesi mno kadiri umbali unavyoongezeka. Sumaku inayoweza kumwinua mtu mzima ikigusa bamba la chuma huenda isiutikise msumari ulio sentimita 20 kutoka kwake. Kwa hiyo uvuvi wa sumaku ni kazi ya kugusa. Hutupi sumaku na kungoja, bali unaiburuta polepole juu ya sakafu ya bahari, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima matuta.

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaweza kukadiria kani ya sumaku iliyogusana na bamba nene la chuma kwa kanuni hii: kani ni sawa na mraba wa uga wa sumaku (B), mara eneo la mgusano (A), gawanya kwa mara mbili ya μ₀, ambapo μ₀ ni 4π × 10⁻⁷. Tuchukue sumaku ya duara yenye kipenyo cha sentimita 6. Eneo lake ni kama mita za mraba 0.00283. Uga ukiwa tesla 0.6:

Kani = (0.6 × 0.6 × 0.00283) ÷ (2 × 4π × 10⁻⁷) = nyutoni 405 hivi.

Hiyo ni sawa na uzito wa kilogramu 41. Sasa tuseme kati ya sumaku na chuma kuna kutu, rangi na chaza, na uga umepungua kuwa nusu, yaani tesla 0.3. Kwa kuwa uga umo katika mraba, kani haipungui kuwa nusu bali kuwa robo: nyutoni 101, au kilogramu 10 tu. Hii ndiyo sababu namba iliyoandikwa juu ya sumaku dukani isitumainiwe sana. Namba hiyo ilipimwa kwenye bamba safi, nene na bapa. Chuma cha baharini hakina hata moja ya sifa hizo tatu.

Aina za sumaku

Sumaku ya bei rahisi kuliko zote imo ndani ya spika ya redio mbovu. Ni pete nyeusi ya feraiti, yaani oksidi ya chuma iliyochanganywa na bariamu au strontiamu. Nguvu yake si kubwa, lakini haishiki kutu, na tundu lililo katikati linafaa kwa kupitishia bolti na kamba. Kwa shule inayoanza, hii inatosha kabisa.

Sumaku zenye nguvu zaidi ni za neodimiamu, chuma na boroni. Ziligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wataalamu wa Japani na wa Marekani, kila upande ukifanya kazi peke yake. Sumaku za wavuvi hutiwa ndani ya kikombe cha chuma ambacho hukusanya uga wote upande mmoja. Udhaifu wake ni miwili. Kwanza, hushika kutu vibaya utando wake wa nikeli ukipasuka. Hivyo ni lazima zisuuzwe kwa maji baridi na kukaushwa kila baada ya kutumiwa baharini. Pili, zile za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipata joto la kupita nyuzi 80. Zisiachwe karibu na moto. Yafaa wanafunzi wajue pia kwamba madini yenye neodimiamu yamo katika ardhi yetu wenyewe, katika kilima cha Ngualla mkoani Songwe.

Nami natoa onyo kutokana na maumivu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo niliacha sumaku mbili za neodimiamu juu ya meza moja, nikidhani nafasi iliyo kati yake inatosha. Zilirukiana na kukibana kidole changu. Ukucha ulichukua miezi mingi kuota tena. Kila sumaku ihifadhiwe peke yake ndani ya sanduku la mbao, na isikaribie kadi za benki, simu, wala mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Ndani ya chombo cha baharini iwekwe mbali na dira. Nahodha anayeongozwa na dira iliyopotoshwa anaweza kuuelekeza mwamba akidhani anaelekea nyumbani.

Vifaa vya kuanzia

Mbali na sumaku, mahitaji ni machache:

1. Kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 8 hadi 10 na urefu wa mita 20. Kamba ya katani huoza upesi katika maji ya chumvi. Ikumbukwe kwamba fundo hupunguza nguvu ya kamba, pengine karibu nusu.
2. Glavu nene za ngozi au za mpira. Chuma chenye kutu hukata, na kidonda chake kinaweza kuleta pepopunda. Kila mshiriki ahakikishe amepata chanjo.
3. Ndoo ya kuwekea vyuma vilivyopatikana. Hakuna kinachorudishwa majini isipokuwa viumbe hai.
4. Kisu kikali cha kukatia kamba wakati wa hatari.
5. Daftari la kuandikia mahali, saa, hali ya maji na kilichopatikana. Bila daftari hili kazi yote ni mchezo mtupu; kwa daftari inakuwa utafiti.

Kamba isifungwe kamwe kiunoni wala mkononi. Sumaku ikinasa katika mwamba na mkondo ukashika, kamba humvuta mtu.

Somo moja kutoka Mikindani

Siku moja nilifuatana na wanafunzi wachache kwenda Mikindani kumsaidia mzee mmoja aliyepoteza nanga. Vijana walimwamkia, naye baada ya kuitikia akatazama sumaku yetu na kusema, "Wanangu, hicho ndicho kitakachoinua nanga yangu?" Tulimhakikishia kwamba sumaku imeandikwa kilogramu 150, na nanga yake haikuzidi kilogramu 24.

Tuliburuta kwa muda wa saa nzima. Kisha kamba ikakaza. Tukavuta, sumaku ikabanduka. Tukaitupa tena mahali pale pale, ikashika, ikabanduka. Mara ya tano mzee akasema kwa upole, "Mwalimu, kitu chako kimekwisha kufanya kazi yake. Kimetuonyesha ilipo. Sasa tuyaachie maji."

Maji yalikuwa yanakupwa, na ilikuwa siku ya bamvua. Yalipofika mwisho wa kupwa, kijana mmoja mwogeleaji hodari alizama akiwa na kamba nene, akaifunga kwenye pete ya nanga. Mzee akaifunga ncha ya pili kwenye mashua yake, akiikaza bila kuacha ulegevu, kisha akakaa chini ya mwembe. Maji yakajaa. Baada ya saa mbili hivi mashua ilikuwa imeinama upande mmoja. Halafu ghafla ikanyanyuka na kutulia. Nanga ilikuwa imeng'oka katika tope.

Hebu tuichunguze hekima hiyo kwa hesabu. Tuseme eneo la mashua kwenye usawa wa maji ni mita za mraba 5. Maji yakipanda sentimita 1 huku mashua imezuiwa na kamba isipande, mashua husukuma maji ya ziada yenye ujazo wa mita 0.05 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilogramu 1025 hivi. Kwa hiyo kamba inavutwa kwa uzito wa kilogramu 51. Maji yakipanda sentimita 20, mvuto ni kama tani moja. Hakuna sumaku ya mkononi inayoweza kushindana na hilo. Na katika pwani ya Mtwara tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita 3, yaani nguvu hii ipo bure mara mbili kila siku, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu zikiwa bora zaidi.

Hatari yake nayo ieleweke. Nanga ikiwa imenasa katika mwamba usioachia, mashua itajaa maji na kuzama. Mtu mwenye kisu akae tayari wakati wote.

Jambo la mwisho tuliloliona siku ile lilihusu kipande cha mnyororo. Sumaku ilikileta hadi juu kabisa, na kilipochomoza tu majini kikaanguka. Hii ni kanuni ya Archimedes. Densiti ya chuma ni karibu mara 7.7 ya ile ya maji ya bahari, kwa hiyo chuma chenye kilogramu 24 hukaa majini kana kwamba ni kilogramu 21 hivi. Kikitoka nje hurudiwa na zile tatu zilizokuwa zimebebwa na maji. Sumaku iliyokuwa ikishika kwa shida hushindwa papo hapo. Dawa yake ni kutia ndoano, wavu au ndoo chini ya kitu kabla hakijatoka majini.

Ukipata kitu usichokijua

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mwezi Novemba 2017, wilayani Ngara mkoani Kagera, bomu la mkono lililodhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka katika shule ya msingi. Watoto waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Tamaa ya kuuza chuma kwa kilo ilikuwa imemfikisha mtoto kwenye kitu cha vita. Watoto wa Mtwara nao huokota vyuma chakavu, nao wanaishi katika nchi iliyopiganiwa mara zaidi ya moja.

Watu wengine hufikiri kwamba bomu likikaa majini miaka 100 huwa limekufa. Kemia yakanusha. Baruti ya TNT haiyeyuki kwa urahisi na huweza kudumu miaka mingi sana ndani ya ganda lake. Makombora mengi ya Kiingereza ya Vita Kuu ya Kwanza yalitiwa asidi ya pikriki. Asidi hii ikigusana na metali kwa muda mrefu hutengeneza chumvi ziitwazo pikreti, ambazo zinaweza kulipuka kwa kugongwa kidogo kuliko baruti ya asili. Wakati huo huo kutu hula springi na pini zilizokuwa zikizuia fataki isifanye kazi. Hivyo bomu la zamani laweza kuwa la hatari kuliko jipya. Ikumbukwe pia kwamba mabomu mengi ya ardhini yametengenezwa kwa plastiki na yana chuma kidogo mno. Sumaku kunyamaza si ushahidi kwamba mahali ni salama.

Ukiona kitu chenye umbo la chupa, yai, nanasi au mche wenye ncha, chenye mapezi au pete ya shaba kiunoni, au kitu chochote usichoweza kukitaja jina, fanya yafuatayo:

1. Acha kuvuta. Kikiwa bado majini, kiache humo na uache kamba pia.
2. Kikiwa kimefika ufukweni, usikitupe tena majini, usikibandue kwenye sumaku, usikipanguse kutu.
3. Ondoa watu wote mbali, angalau mita 100 au zaidi, nyuma ya kizuizi kama kipo.
4. Weka alama ya mahali ukiwa mbali, kisha upige simu polisi kwa namba 112 na umwarifu mwenyekiti wa kijiji. Wataalamu wa jeshi ndio wenye kazi ya kukiondoa.

Sumaku na kamba zina bei. Mkono hauna.

Mahali panapofaa na pasipofaa

Kwa kuanzia panafaa ufukwe wa mchanga unaotumiwa na vyombo vidogo, maji yakiwa yamekupwa, kwa idhini ya uongozi wa kijiji au mtaa na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani. Hapo hupatikana ndoano, misumari ya mashua na nanga ndogo, na kuziondoa ni faida kwa nyayo za watu wote.

Pasipofaa ni pengi. Tangu mwaka 2000 eneo la kilomita za mraba 650 lipo chini ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1994. Humo mtu asitupe sumaku bila ruhusa ya wenye mamlaka ya hifadhi. Sumaku nzito huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na kuburuta kamba katika majani ya bahari huharibu mazalio ya samaki. Gati za bandari zina sheria zake. Maeneo ya mabomba ya gesi ya Msimbati na Madimba yaepukwe kabisa. Na katika mto Ruvuma wenyewe kuna mamba na viboko. Hakuna msumari wenye thamani ya kusimama ukingoni mwao.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Nanga ya kale, mzinga au chungu kilichokwama katika minyororo si mali ya aliyekiopoa. Kiache mahali pake, andika katika daftari, na utoe taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Kitu kikiondolewa bila kumbukumbu hupoteza nusu ya habari zake, kwa maana mwanahistoria hujifunza mahali kilipolala kama anavyojifunza kitu chenyewe.

Kuhifadhi chuma kilichoopolewa

Chuma kilichokaa baharini kimejaa kloridi. Kikikaushwa juani hupasuka na kumeguka baada ya wiki chache. Kwa hiyo kiwekwe mara moja katika maji baridi yanayobadilishwa kila siku. Maabara ya shule yaweza kuendelea kwa njia ya umeme: chuma hutiwa katika mmumunyo wa sodiamu kaboneti, huunganishwa na ncha hasi ya betri ya volti 12, na kipande kingine cha chuma cha kawaida huunganishwa na ncha chanya. Kutu hulegea polepole. Kazi hii ifanyike nje, mbele ya mwalimu, kwani gesi ya haidrojeni hutoka nayo huwaka. Chumvi ya mezani isitumiwe badala ya kaboneti, kwa kuwa huleta klorini, gesi ya sumu. Ncha chanya isiwe ya chuma kisichoshika kutu, maana hutoa misombo ya kromiamu yenye madhara. Baada ya hapo chuma husuuzwa, hukaushwa na kupakwa nta au mafuta.

Jaribio la darasani

Kabla ya kwenda pwani, kila kikundi kifanye jaribio hili. Chukueni sumaku ya spika na bamba la chuma. Ning'inizeni sumaku kwenye mizani ya springi, igusisheni na bamba, kisha vuteni na kusoma nguvu inayohitajika kuibandua. Rudieni mkiweka karatasi 1, 2, 4, 8 na 16 katikati. Karatasi ya daftari ina unene wa milimita 0.1 hivi. Choreni grafu ya nguvu dhidi ya umbali. Mtaona wenyewe ni kwa nini kutu yenye unene wa milimita moja humnyima mvuvi nanga yake.

Maswali

1. Kwa nini sumaku isiyopata kitu haithibitishi kwamba hakuna metali mahali hapo? Toeni sababu tatu.
2. Nanga ya kilogramu 40 ina uzito unaoonekana wa kiasi gani katika maji ya bahari? Chukueni densiti ya chuma kuwa 7870 na ya maji ya bahari kuwa 1025, zote kwa kilogramu katika mita ya ujazo.
3. Eneo la mashua kwenye usawa wa maji ni mita za mraba 8. Maji yanahitaji kupanda kiasi gani ili kamba ivutwe kwa uzito wa kilogramu 410?
4. Mwulizeni mvuvi mmoja wa mtaani kwenu jinsi anavyotafuta nanga iliyopotea. Andikeni maelezo yake, kisha mtaje kanuni za fizikia zilizomo.
5. Tayarisheni tangazo la ukurasa mmoja la kuwaonya watoto wa shule ya msingi juu ya vyuma wasivyovijua, mkalibandike mahali wanunuzi wa vyuma chakavu wanapopimia mizigo.

Mwalimu akiwa na nafasi ya kufundisha swali moja tu kati ya haya, na afundishe la tano.